Kilimia na Muumba Wake: Jina la Nyota katika Biblia ya Kiswahili

Utangulizi

Makala haya yanachunguza jinsi Maandiko yanavyomtaja Mungu kuwa Muumba wa jua, mwezi na nyota, kwa kuzingatia hasa neno moja: Kilimia. Neno hili lina uzito wa pekee kwa msomaji wa Kyuso, kaskazini mwa Kitui, ambako mvua ni haba na mkulima wa mtama, mawele na pojo hana budi kukadiria vyema majira ya kupanda.

Mianga isiyoabudiwa

Katika Mwanzo 1:14-18, jua na mwezi havitajwi kwa majina yake. Vinaitwa mianga, na kazi yake ni kuangaza na kuonyesha majira, siku na miaka. Wafasiri wengi huona hapa hoja dhidi ya mataifa yaliyoviabudu. Kumbukumbu la Torati 4:19 inakataza ibada hiyo waziwazi, na Kurani inatoa katazo kama hilo katika Sura Fussilat, aya ya 37.

Lugha ya Kikamba nayo haichanganyi mambo haya. Jua ni syua, mwezi ni mwei, ilhali Mungu, pamoja na kuitwa Mulungu na Ngai, huitwa Mumbi, yaani Muumba. Jina hilo lina shina moja na kitenzi "umba" cha Kiswahili, ambacho hutumiwa pia kwa kazi ya mfinyanzi. Ndiyo maana John Mbiti (1931-2019), mwanatheolojia mzaliwa wa Kitui, alishikilia kwamba Waafrika walimjua Muumba kabla ya wamisionari kufika.

Tafsiri ya jina

Amosi 5:8 na Ayubu 9:9 zinataja makundi ya nyota kwa majina. Katika Biblia ya Kiswahili ya Union Version (1952), jina moja limekopwa: Orioni. La pili limepewa neno la wenyeji: Kilimia. Neno la Kiebrania, kima, halitokani na kilimo. Bali Kilimia limetokana na "lima". Kwa hiyo mtafsiri hakuhamisha jina tu, alilitia pia jembe mkononi.

Je, uteuzi huo unafaa? Kwa upande mmoja, unaweza kumfanya msomaji adhani kwamba nyota ndiyo iletayo mvua. Kati ya Oktoba na Desemba, msimu unaotegemewa zaidi Kitui, Kilimia huonekana mashariki mapema usiku, na ni rahisi kudhani alama kuwa chanzo. Kwa upande mwingine, Amosi, ambaye mwenyewe alikuwa mchungaji na mtunza mikuyu (7:14), anaifunga njia hiyo. Katika aya ile ile anamtaja aliyeifanya Kilimia kuwa ndiye ayaitaye maji ya bahari na kuyamwaga juu ya nchi. Nyota na mvua zina Bwana mmoja, na hakuna inayomtawala mwenzake.

Hitimisho

Tumeona kwamba neno la wenyeji halikuipotosha imani ya Maandiko, mradi aya isomwe yote. Mvua inapokosa kunyesha Kyuso ilhali Kilimia kimechomoza, aliyeitegemea nyota hubaki bila wa kumwomba. Aliyemtegemea Muumba bado ana mlango wa kubisha. Wanafunzi wa tafsiri na wazingatie hili: jina la kitu cha mbinguni hueleweka vyema zaidi likipata mizizi katika udongo wa msomaji.