Pikipiki Inayozimika Gia Inapoingia: Sababu Tatu na Hatari Moja

Kigali ni jiji la vilima, na watu wengi wa jiji hili hufika kazini, sokoni na hospitalini kwa pikipiki. Pikipiki hizo hizo huonekana katika barabara ziendazo Rusumo, Kagitumba, Gatuna na Rubavu, ambako wakazi wa pande mbili za mpaka hutembeleana na kufanya biashara. Kwa hiyo, injini inayozimika mara tu gia ya kwanza inapoingia si kero ya dereva peke yake. Ikizimika kwenye makutano, magari ya nyuma yamekwisha kuanza kuondoka, ilhali dereva na abiria wake wamesimama njiani. Ikizimika mlimani, pikipiki huweza kurudi nyuma pamoja na mzigo wake.

Tunatoa somo hili ili dereva aitambue sababu kabla ya kumwita fundi, na ili fundi asiondoe kinga kwa kudhani anaondoa ubovu.

Kwanza, tuangalie namna injini inavyozimika

Injini huzimika kwa namna tatu, na kila namna ina chanzo chake.

Namna ya kwanza: injini hukatika ghafla, kama iliyozimwa kwa ufunguo, wala pikipiki haisogei. Hapo tushuku umeme, hasa swichi ya stendi ya pembeni.

Namna ya pili: pikipiki huruka mbele kidogo, hutetemeka, kisha injini huzimika ingawa dereva amebana klachi. Hapo tushuku klachi isiyoachia.

Namna ya tatu: mngurumo hushuka taratibu, injini hukohoa, kisha hunyamaza. Hapo tushuku mafuta, hewa au plagi.

Swichi ya stendi

Baadhi ya pikipiki zina swichi ndogo kwenye shina la stendi ya pembeni. Stendi ikiwa chini na gia ikiwa huru, yaani nyutro, injini hunguruma kama kawaida. Gia ikiingizwa kabla stendi haijapandishwa, swichi hukata umeme wa plagi. Pikipiki nyingine ndogo hazina swichi hii. Dereva na atazame kama pana waya unaoteremka hadi kwenye stendi.

Ikiwa swichi ipo, tuhakikishe kwanza kwamba stendi imepanda hadi mwisho. Springi iliyolegea huiacha stendi ikining'inia, na swichi huiona kama ingali chini. Halafu tuondoe tope. Katika msimu wa mvua udongo mwekundu huganda mahali hapo na kuizuia swichi isirudi. Tuisafishe kwa brashi na maji kidogo, tuikaushe, kisha tukague kama waya umechubuka. Pikipiki nyingine zina swichi ya pili kwenye mkono wa klachi, nayo ikaguliwe vivyo hivyo.

Klachi isiyoachia

Kazi ya klachi ni kutenganisha nguvu ya injini na gurudumu. Isipoachia kikamilifu, gia ikiingia injini hulazimika kulisukuma gurudumu lililosimama, nayo hushindwa.

Jaribio lake ni rahisi. Simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati mahali tambarare, gurudumu la nyuma likiwa juu ya ardhi. Washa injini, bana klachi hadi mwisho, ingiza gia ya kwanza. Gurudumu likizunguka polepole, si ajabu. Kanyaga breki ya nyuma: gurudumu likisimama na injini ikaendelea kunguruma, klachi ni nzima. Injini ikizimika, klachi haiachii. Mtu yeyote asiligusie mkono gurudumu hilo, na watoto wakae mbali.

Sababu ya kawaida ni waya wa klachi uliolegea. Kwa pikipiki nyingi, ncha ya mkono wa klachi hutakiwa kucheza milimita 10 hadi 20 kabla waya haujakaza. Kijitabu cha pikipiki kitaonyesha kipimo chake hasa. Ukicheza zaidi, klachi haiachii. Usipocheza kabisa, klachi huteleza na kuungua. Nati ya kurekebishia ipo karibu na mkono huo, na mara nyingi nyingine ipo chini karibu na injini. Waya ulioanza kukatika nyuzi ubadilishwe, usirekebishwe.

Sababu nyingine ni oili. Oili nzito kupita kiasi huzigandisha sahani za klachi, hasa asubuhi yenye baridi. Tutumie oili ya uzito ulioandikwa kijitabuni, yenye alama ya JASO MA kwenye chombo, maana alama hiyo huonyesha kwamba inafaa klachi inayofanya kazi ndani ya oili. Yote hayo yakiwa sawa na tatizo likabaki, sahani zenyewe huenda zimepinda au zimelika, na hiyo ni kazi ya fundi.

Mafuta na hewa

Kigali ipo takribani mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani. Pikipiki ya kabureta iliyorekebishwa Dar es Salaam au Mombasa huweza kupata petroli nyingi kuliko hewa ifikapo huku. Dalili yake ni plagi yenye masizi meusi na makavu. Tusafishe kichujio cha hewa, tuhakikishe choki haikuachwa imevutwa, tusafishe au tubadilishe plagi, kisha fundi arekebishe mngurumo wa injini wakati haijaongezwa mafuta. Kwa pikipiki nyingi ndogo ni karibu mizunguko 1,400 kwa dakika.

Hatari tunayoionya

Wapo wanaokata nyaya za swichi ya stendi na kuziunganisha moja kwa moja. Pikipiki huondoka, na mteja hufurahi. Lakini kuanzia siku hiyo hakuna kitakachomzuia dereva kuondoka huku stendi ikiwa chini. Stendi ya pembeni ipo kushoto. Pikipiki ikilala kushoto kwenye kona, stendi hugonga lami, huinua gurudumu na kuwatupa waliopanda.

Wakazi wa mipakani walitafakari hili kwa makini. Tanzania na Uganda huendesha upande wa kushoto, Rwanda upande wa kulia. Kwa hiyo nchini Rwanda, anayekata kona kuelekea kushoto huvuka njia ya magari yanayomkabili. Akiangushwa na stendi hapo, huanguka mbele ya magari hayo. Swichi iliyoharibika na ibadilishwe. Swichi nzima na iachwe.

Injini ikizimika barabarani

Bana klachi, shika breki, tazama nyuma. Abiria ashuke upande wa ukingo wa barabara. Sukuma pikipiki hadi nje ya njia kabla ya kuanza kuichunguza, na kofia ngumu zisivuliwe mpaka wote mmefika mahali salama. Ajali ikitokea nchini Rwanda, piga simu 113. Kwa dharura nyingine, 112.

Maswali ya kujipima

1. Injini ikikatika ghafla bila pikipiki kuruka, utaanza kukagua nini?
2. Breki ya nyuma husaidiaje kuijaribu klachi?
3. Kwa nini stendi iliyoachwa chini ni hatari zaidi kwenye kona ya kushoto nchini Rwanda?
4. Fundi akikwambia, "Nitaikata tu hii waya," utamjibu nini?