Kabla ya Kuchagua Kozi, Tuhesabu Gharama

Kila mwaka, matokeo ya Kidato cha Nne yakiisha kutangazwa, nyumba nyingi za waamini wetu huingia katika mashauri mazito. Kijana hakupata nafasi ya Kidato cha Tano, au ameipata lakini ataka ujuzi wa kazi upesi. Basi hutafutiwa chuo cha stashahada. Mzazi huuza ng'ombe au mavuno, ada hulipwa, na wote humshukuru Mungu. Hayo ni mema. Lakini wengi wa vijana hao wana nia ya kufika Chuo Kikuu baadaye, na hapo ndipo twaona hatari: wameutazama mlango wa kwanza tu, wasiulize ule wa pili unafunguliwa kwa ufunguo gani.

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana wetu alitoa mfano wa mtu atakaye kujenga mnara, ambaye yampasa kwanza kuketi na kuhesabu gharama, asije akachekwa kwa msingi usio na ukuta. Somo letu la juma hili ni hesabu hiyo.

Kwanza, masharti yajulikane mapema. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania hutoa kila mwaka mwongozo wa udahili kwa wenye stashahada, nao huonyesha kila kozi yadai nini. Kwa kawaida hutakiwa ufaulu wa masomo manne ya Kidato cha Nne, na wastani wa alama, ule ambao wanafunzi huuita GPA, usiopungua 3.0. Kozi nyingine hudai zaidi. Mathalani, mwenye stashahada ya utabibu atakaye kusomea udaktari huulizwa pia alama zake za Kidato cha Nne katika Fizikia, Kemia, Biolojia, Hisabati na Kiingereza. Aliyeanguka Hisabati aweza kusoma miaka mitatu kwa bidii, akapata wastani mzuri, kisha akasimama nje ya mlango kwa ajili ya somo aliloliacha zamani. Afadhali alijue jambo hilo leo, apate kulirudia somo hilo kwa mtihani wa kujitegemea, kuliko kulijua ada ikiisha kulipwa yote.

Pili, alama zihesabiwe kwa uzito wake. Katika stashahada, A hupewa pointi 5, B+ pointi 4, B pointi 3, na C pointi 2. Lakini masomo hayalingani; kila moja lina krediti zake, na krediti moja ni kama saa 10 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nje ya darasa. Tuwatazame wanafunzi wawili, kila mmoja ana A moja na C moja. Wa kwanza amepata A katika somo la krediti 6, na C katika somo la krediti 12. Pointi zake ni 30 na 24, jumla 54. Zikigawanywa kwa krediti 18, wastani ni 3.0. Wa pili amepata A katika lile la krediti 12, na C katika lile la krediti 6. Pointi zake ni 60 na 12, jumla 72. Wastani wake ni 4.0. Herufi ni zile zile, lakini mmoja amegusa kizingiti tu, na mwenziwe ameingia hali kichwa ki juu. Basi mwanafunzi mwenye busara huuliza uzito wa kila somo tangu juma la kwanza la muhula, akagawa saa zake kwa kipimo hicho.

Tatu, tusikimbilie wepesi wala fahari. Wako wanaochagua kozi kwa kuwa husemwa alama zake ni rahisi. Huvuna wastani mkubwa katika kozi isiyokubaliwa kule watakako kwenda. Wako pia wanaochagua kwa sababu jina lake lapendeza masikioni pa majirani, nao hushindwa tangu mwanzo. Kozi iliyo njema ni ile iwezwayo kwa karama alizojaliwa kijana, tena iongozayo kule aendako. Na alama ziwe za jasho lake mwenyewe. Alama ya kuiba ni uongo ulioandikwa, na mgonjwa au mwanafunzi wa kesho ndiye atakayelipa.

Nne, atakaye kuhamia chuo kingine katikati ya masomo asidhani kila alichosoma kitapokelewa. Chuo kipya hulinganisha masomo yake na yale ya kwanza, kwa yaliyofundishwa na kwa krediti zake. Kwa hiyo na ahifadhi hati za matokeo na muhtasari wa kila somo, wala asiache chuo cha kwanza kabla ya kupata jibu la maandishi kutoka kile cha pili.

Wazazi wapenzi, msimchagulie mtoto kozi kwa ajili ya kutimiza ndoto mliyoikosa ninyi. Ketini naye, fungueni mwongozo pamoja, mkamwite na mwalimu wake. Kuuliza si ujinga. Jioni moja ya mashauri yaweza kuokoa miaka mitatu ya ujana, na ng'ombe waliouzwa wasiwe wameuzwa bure.