Mifuko Iliyorudi kwa Mlango wa Uani

Wengi wetu tuliokuwa walimu twaikumbuka zamu ya Ijumaa. Watoto walipanga mstari, wakaokota takataka kuzunguka shule, zikatiwa shimoni na kuchomwa. Jumatatu uwanja ulikuwa umejaa tena. Twakiri kwamba tuliwafundisha kuokota, bali hatukuwafundisha kuuliza takataka hutoka wapi. Somo la leo ni la kuuliza.

Sheria tunayo. Zanzibar walitangulia kuikataza mifuko ya plastiki mwaka 2006, Kenya wakaikataza Agosti 2017, na huku Tanzania Bara katazo lilianza tarehe 1 Juni 2019. Kuitengeneza, kuiingiza, kuiuza na hata kuitumia kubebea bidhaa ni kosa. Miezi ile ya kwanza vikapu vya ukindu vilirudi mikononi, nasi tulifurahi.

Basi mbona mitaro imeziba tena? Sheria iliacha nafasi kwa vifungashio, yaani plastiki za kufungia dawa, mbegu na vyakula vya viwandani, kwa kuwa vitu hivyo vina haja navyo. Ufa ukawa hapo. Kile kifuko chembamba kinachoonyesha, kilichokusudiwa kufungia, kikageuzwa cha kubebea nyanya na sukari. Nasi tusijitoe: juzi tulirudi sokoni na dagaa ndani ya kifuko hicho hicho, maana kikapu tulikisahau nyumbani.

Mfugaji anajua hasara yake. Plastiki haisagiki tumboni mwa mbuzi. Hujikusanya ikawa bonge, naye hukonda huku tumbo limejaa, mpaka afe. Mtaro ulioziba nao hutuama maji, na mbu huzaliana.

Mahali pa kulisema jambo hili ni mkutano mkuu wa kijiji. Kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wake. Kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1982, halmashauri ya kijiji yaweza kutunga sheria ndogo, wananchi wakiisha kutoa maoni yao mkutanoni, kisha halmashauri ya wilaya huithibitisha. Wengi wetu hatuhudhurii, halafu twalalamika njiani.

Anayesimama mkutanoni asiseme tu kwamba watu ni wachafu, kwani atazomewa, na ni haki yake. Aseme shimo la taka lichimbwe wapi, nani atalihudumia, na faini itakayotozwa itumike kwa kazi gani. Tena awe mwangalifu kwa habari ya mama muuza karanga. Yeye hununua vifuko vyake kwa bunda katika duka la jumla, na faida yake kwa siku ni ndogo. Sheria ndogo ikianza kwake na kumwacha mwenye duka, sisi hatutainua mkono kuiunga. Ianze dukani, naye apewe muda wa kurudia karatasi ya kusokota, kama karanga zilivyouzwa zamani.

Ya kuzungumza nyumbani kabla ya mkutano ujao: Je, katika kijiji chenu vifuko hivyo vyauzwa katika maduka mangapi ya jumla? Na ni nani kati yenu atakayekwenda kuzungumza na wenye maduka hayo kwanza, kwa upole, kabla jambo halijafika mkutanoni?