Kioo Kimoja, Kazi Mbili

Katika nchi ya Meru na Embu, ambako wenyeji walianza kulima kahawa yao wenyewe katika miaka ya 1930, mkulima apelekapo matunda kiwandani hupewa stakabadhi ya uzito uliopimwa. Mzee wa miaka hamsini aweza kuuona Mlima Kenya waziwazi, lakini asiweze kuzisoma tarakimu za karatasi iliyo mkononi mwake. Huinyosha mbali na uso, kisha humpa mtoto amsomee. Asiyeweza kusoma hesabu yake hana budi kuyategemea macho ya mwingine.

Hali hiyo si uchawi, wala si ugonjwa. Ndani ya jicho mna lenzi laini ambayo hutuna ili mtu aone vitu vya karibu. Miaka ikipita lenzi hiyo hukakamaa, na tangu umri wa miaka 40 hivi watu wengi huanza kuona taabu ya kusoma.

Miwani ya kusomea huondoa taabu hiyo, lakini avaaye akitazama mbali huona ukungu. Kwa hiyo mwenye kuhitaji msaada wa mbali na wa karibu hulazimika kubadili miwani kila mara. Benjamin Franklin, Mmarekani aliyekuwa mjumbe wa nchi yake huko Ufaransa, alichoshwa na jambo hilo. Katika barua ya mwaka 1785 alieleza kwamba alivikatisha vioo vyake, na nusu ya kila aina ikatiwa katika duara moja. Hivyo ndivyo ilivyo miwani ya sehemu mbili: ya juu ni ya mbali, ya chini ni ya karibu. Tangu mwaka 1959 vimeuzwa pia vioo visivyo na mstari, ambavyo nguvu yake hubadilika kidogo kidogo.

Mwenye miwani hiyo sharti ajifunze kuitumia. Asomapo ashushe macho, si kichwa. Lakini ashukapo ngazi, au mteremko wa kwenda mtoni, ainamishe kichwa aitazame njia kwa sehemu ya juu. La sivyo ardhi itamdanganya naye ataanguka.

Tena, haifai kuazima miwani ya jirani. Yafaa kwanza kupimwa na mganga wa macho, kwani huenda kinachodhaniwa kuwa uzee kikawa mtoto wa jicho, ambaye haondolewi kwa miwani bali kwa kupasuliwa.