Ini Lako na Mahindi Yenye Ukungu

Mkulima wa Kitui na Makueni, huenda wakumbuka mwaka 2004. Kufika Julai mwaka ule watu 317 walikuwa wameugua na 125 kati yao wamekufa, wengi wao katika wilaya hizi mbili. Macho yaligeuka manjano, matumbo yakavimba. Chanzo kilikuwa mahindi yaliyowekwa nyumbani yakiwa na unyevu.

Ukungu uliota juu ya mahindi hayo ukatoa sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hii haionekani kwa macho, wala moto wa jikoni hauimalizi.

Je, ini hufanya nini? Ndani yake mna vimeng'enya, navyo ni kama vibarua. Kikundi cha kwanza huigeuza sumu ili ipate kutolewa mwilini. Lakini aflatoksini ikigeuzwa, huwa kali kuliko ilivyokuwa. Kikundi cha pili huikamata ile kali na kuitoa. Sumu ikiwa nyingi, kikundi hiki hushindwa, na ini huanza kufa. Naye alaye kidogo kidogo miaka mingi aweza kupata saratani ya ini, hasa akiwa na virusi vya homa ya ini aina ya B.

Basi fanya hivi:

1. Vuna mara mahindi yakaukapo. Usiyarundike chini shambani.

2. Anika juu ya turubai, si juu ya udongo.

3. Tia mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu, tikisa, ngoja robo saa. Chumvi ikishika kwenye kioo, anika tena. Isiposhika, bado ongeza jua kidogo, maana chumvi huonyesha unyevu wa 15 kwa 100, na ghala lataka usiozidi 13.5.

4. Weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta.

5. Chambua punje zilizooza au kubadilika rangi. Usimpe ng'ombe, sumu huingia katika maziwa. Kukoboa muthokoi hupunguza sumu, lakini hakuimalizi.

Mtu akigeuka manjano macho, mpeleke hospitali upesi, na mahindi yale yasiliwe tena.

Twajua ni uchungu kumwaga debe la mahindi wakati wa njaa. Lakini debe utavuna jingine mvua ikinyesha; mtoto aliyezikwa harudi.