Shule Ipi Itamfaa Mtoto Anayeshindwa Kusoma?

SWALI: Daktari, mwanangu ana miaka tisa na yuko Gredi ya Tatu katika akademia moja hapa Umoja, Nairobi. Anajieleza vizuri, na nikimtuma dukani huleta chenji sawasawa. Lakini kusoma kumemkataa: neno alilolijua leo, kesho halijui. Shule inataka arudie darasa, la sivyo nimtoe. Jirani naye ananishauri nimpeleke shule maalum ya bweni. Nifanye nini?
Mama mzazi, Umoja

JIBU: Pole kwa mahangaiko, mama. Mtoto anayehesabu chenji na kujieleza hivyo ana akili zake. Dalili ulizozitaja zinafanana na za disleksia, yaani ubongo kupata shida kuunganisha herufi na sauti zake. Hata hivyo, barua haitoshi kumpima mtoto. Usimhamishe kabla hajapimwa, usije ukalipa karo na kununua sare mpya, kisha tatizo likamfuata huko.

Anza na macho na masikio katika hospitali ya umma iliyo karibu, kama Mama Lucy Kibaki. Mtoto anayetokwa na usaha sikioni mara kwa mara hukosa kusikia sauti vyema, na mwalimu akadhani ni mzembe.

Kisha mpeleke EARC, vituo vya serikali vya kutathmini watoto vilivyoanzishwa mwaka wa 1984. Ofisi ya elimu ya kaunti ndogo itakuelekeza kilicho karibu. Tathmini hufanywa pia KISE, taasisi ya elimu maalum iliyoko Kasarani. Beba ripoti za shule na madaftari yake, ya zamani na mapya, kwani makosa yanayojirudia humweleza mtathmini mengi.

Kuhusu kurudia darasa, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza shule kumrudisha mwanafunzi nyuma au kumfukuza, na inakataza kumnyima mtoto nafasi kwa sababu ya ulemavu. Mweleze mwalimu mkuu hayo kwa upole, ripoti ya tathmini ikiwa mkononi. Kurudia kutampa somo lile lile, kwa njia ile ile iliyomshinda, na aibu juu yake.

Shule au kitengo maalum huwafaa sana baadhi ya watoto. City Primary, kule Ngara, ina kitengo cha wenye usonji. Lakini mwanao akipatikana na disleksia pekee, mahali pake ni darasa la kawaida lenye mwalimu anayejua kumsaidia. Tena alale nyumbani, kwa sababu anahitaji mtu wa kusoma naye kila jioni.

Ukienda kutafuta shule, usiulize wastani wa alama kwanza. Omba kuketi nyuma ya darasa wakati wa kusoma, umtazame mwalimu mtoto anapokwama. Je, anamsubiri, anamvunjia neno silabi kwa silabi, ka-la-mu, na kumwacha ajaribu tena? Au anamwita mwingine huku darasa likicheka? Uliza pia kama kuna mwalimu aliyesomea elimu maalum, darasa lina watoto wangapi, na kama mtoto anaruhusiwa kujibu kwa mdomo au kuongezewa muda kwenye mtihani.

Angalia vilevile wanavyofundisha Kiswahili. Herufi zetu hutamkwa jinsi zinavyoandikwa, hivyo mtoto mwenye disleksia kwa kawaida huona nafuu humo kuliko kwenye tahajia ya Kiingereza. Shule inayomjenga kwa silabi za Kiswahili kwanza itampa pa kushikia.

Shule mbili zikilingana, chagua ile anayoweza kufika bila kuamka alfajiri kukimbizana na matatu. Mtoto aliyechoka hasomi.

Na leo jioni mwambie kuwa yeye si mjinga, na kwamba mnatafuta njia ya kumfundisha inayomfaa. Huenda amekwisha kuamini kinyume chake, na hakuna shule itakayomfaa akiendelea kuamini hivyo.