Mgeni wa Kisumu: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Maagizo haya ni ya mtu anayehamia Kisumu kuishi, si ya mtalii wa siku mbili. Ni ya Mtanzania aliyetoka Mwanza kufuata biashara ya samaki, Mkongo aliyekuja na cherehani yake, mtafiti aliyeajiriwa Kisian, mwanafunzi wa Maseno, mfanyakazi wa shirika aliyepangiwa nyumba Milimani. Mji utakupokea. Kinachonitia wasiwasi ni utakavyoishi ukishapokelewa, kwa kuwa wageni wengi hukaa hapa miaka na miaka wakijuana na wageni wenzao tu, kisha huondoka wakiamini wameijua Kisumu.

Jisajili mapema. Sheria ya Kenya ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inamtaka mgeni anayekaa zaidi ya miezi mitatu ajiandikishe. Usidhani kitambulisho cha Kampala au Dar es Salaam kinakuondolea kila wajibu; ulizia kibali kabla ya kuanza kazi, na uulizie ofisini, si kwa kijana aliyesimama nje ya ofisi. Usinung'unike pia. Kijana wa Kisumu anayekwenda Pune au Bengaluru kusoma, akiwa na visa ya zaidi ya siku 180, hutakiwa kujisajili kwa wakuu wa India ndani ya siku 14 tangu afike, na hujisajili.

Ulizia maji ya 2020 kabla ya kulipa dipoziti. Mwaka huo Ziwa Victoria lilipanda hadi kimo ambacho halikuwa limewahi kupimwa, likaingia majumbani ufuoni. Tena mafuriko hayatoki ziwani peke yake. Mto Auji hupita katikati ya makazi ya Manyatta na Nyalenda, na mvua ikinyesha sana milimani Nandi, tambarare ya Kano hugeuka bahari. Dalali hatakwambia. Muulize mama anayeuza mboga karibu na lango: maji yalifika wapi? Atakuonyesha ukutani.

Salimia kwanza, nunua baadaye. Kwa Kijaluo ni *oyawore* asubuhi, *oimore* jioni, *erokamano* ukishahudumiwa. Maneno hayo matatu hayahitaji kozi. Mzee mwite *jaduong'*. Neno *omera* liachie rika lako.

Usisahihishe Kiswahili cha mtu. Nawaambia hasa ninyi mnaotoka Pwani na Tanzania. Mwendeshaji wa boda boda anayekubebea mzigo huku akizungumza nawe Kiswahili amekuja upande wako wa daraja. Yeye ana Kijaluo chake, na mara nyingi Kiingereza pia. Wewe una lugha ngapi za kumrudishia? Kucheka ngeli zake mbele ya abiria wengine ni utovu wa adabu. Na uvae helmeti yake hata kama safari ni ya kutoka Kondele hadi stendi.

Nenda matangani. Hili ndilo ambalo wageni hukosea zaidi, na ndilo linalowafungia milango. Mwenzako wa kazini au jirani akifiwa, usitume ujumbe wa pole na kuhesabu umemaliza. Hudhuria kikao cha mchango hata kama ulichonacho ni kidogo, na utume kwa M-Pesa mbele ya watu kama wanavyofanya wenzako, jina liandikwe. Mwili ukitolewa mochari, msafara ukielekea Seme, Nyakach, Siaya au Homa Bay, ingia garini. Usiulize kwa nini marehemu aliyeishi mjini miaka 40 hazikwi mjini. Wakili S. M. Otieno alifariki Desemba 1986 na mjane wake akataka kumzika karibu na Nairobi. Ukoo wake ukapinga, kesi ikaenda mahakamani, mwili ukalala mochari zaidi ya miezi mitano, na Mei 1987 akazikwa Nyalgunga, Siaya, kwao. Kenya nzima ilifuatilia kesi ile. Nyumba ya mjini ni mahali pa kulala. *Dala*, yaani nyumbani kwa asili, ni kwingine, na aliyekuona pale dala siku ya kilio hatakusahau.

Muziki wa usiku wa matanga ukikukosesha usingizi, vumilia. Usipige simu polisi.

Usimwite Mhindi wa Kisumu mgeni mwenzako. Reli kutoka Mombasa ilifika hapa mwaka 1901, mji ukiitwa Port Florence, na waliotandika mataruma yake walikuwa maelfu ya vibarua kutoka India. Allidina Visram, mfanyabiashara aliyepanga maduka kandokando ya reli ile, alikuwa na duka hapa. Familia za Kihindi zililima Kibos tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na miwa ya Miwani ina historia yao ndani yake. Shakeel Shabbir alichaguliwa mbunge hapa mwaka 2007, kwa kura za Wajaluo. Mwaka 2017 serikali iliwatambua Wakenya wa asili ya Asia kuwa kabila la 44. Kwa hiyo ukiingia dukani Oginga Odinga Street, usimuulize mzee aliyekaa kwenye kaunta anarudi lini kwao. Yuko kwao. Huenda maiti ya babu yake ilichomwa hapa kabla babu yako hajaisikia Kisumu.

Usitoe maoni ya siasa kabla ya kujua tarehe. Ukisikia mgonjwa yuko "Russia", hajasafirishwa nje. Ni Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Jaramogi Oginga Odinga, iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti. Tarehe 25 Oktoba 1969 Rais Jomo Kenyatta alikuja kuifungua, umati ukamzomea, walinzi wake wakafyatua risasi, raia wakafa. Miezi mitatu na ushee kabla ya hapo, waziri Tom Mboya, Mjaluo, alikuwa ameuawa Nairobi. Agosti 2017, baada ya uchaguzi, mtoto mchanga wa miezi sita alipigwa na polisi ndani ya nyumba yao Nyalenda, akafa. Na Oktoba 2025, mwanasiasa Raila Odinga alipofariki Kerala, India, watu walijaa uwanja wa Mamboleo kumuaga kabla hajazikwa Bondo. Mji wenye kumbukumbu hizo hauhitaji mgeni wa kuuambia kuwa unapenda sana maandamano. Siku ya maandamano kaa nyumbani, usipige picha, na uulize jirani kama amepata unga.

Usioge ziwani. Konokono wa ufuoni wana kichocho, na vijidudu vyake hupenya ngozi bila wewe kuhisi chochote. Kiboko naye haogopi pasipoti. Ukipanda mashua, dai jaketi okozi na uivae, kwa kuwa dhoruba za Ghuba ya Winam huja ghafla alasiri. Ukipatwa na homa, nenda ukapimwe malaria siku hiyohiyo. Usijitibu kwa dawa zilizobaki kabatini. Neti ni kila usiku, si msimu wa mvua tu.

Kula samaki kwa mkono. Ngege huliwa na ugali, kwa vidole, polepole, mifupa ikiwekwa kando ya sahani. Usinunue mbuta (sangara) mchanga hata akiwa rahisi. Aliye chini ya sentimita 50 hakutakiwa kuvuliwa. Kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wa omena (dagaa) hufungwa ili wazaliane. Usimgombeze muuzaji wa soko la Kibuye kwa bei ya miezi hiyo.

Usiwageuze wanawake wa ufuoni kuwa hadithi yako. Dunga na fuo nyingine zimechoka na kamera. Kila anayefika amesikia juu ya *jaboya*, mwanamume mwenye samaki anayemdai mama mwili wake ndipo amuuzie, na kila anayefika anataka mama huyo asimulie tena. Jambo lenyewe ni la kweli, na limeleta virusi na vifo majumbani. Lakini mama aliyeamka saa kumi za usiku kungoja mashua hakuja pale kuungama kwa mgeni. Ana beseni, ana deni la mwenye samaki, ana watoto wanaosubiri karo. Nunua samaki wake, lipa bei anayotaja. Ukiwa na fedha za utafiti, ulizia bei ya mashua, bei ya nyavu, na nani anayezimiliki. Pale Nduru wanawake waliwahi kupata mashua zao wenyewe, wakawaajiri wanaume kuvua, na mpangilio ukabadilika. Kama huna la kufanya na majibu hayo, usiulize, na picha uliyopiga bila ruhusa uifute mbele yake.